Ng'oa na Ngoa: Kisa cha Kijitabu Kilichoharibiwa na Fonti Lamu

Maboksi manne yalishushwa Mokowe kutoka basi la Mombasa, yakavushwa kwa boti, na kabla ya magharibi punda alikuwa ameyafikisha mlangoni pangu, mtaa wa Langoni, Lamu. Ndani mlikuwa na nakala 500 za kijitabu cha mashairi ya kumsifu Mtume: kurasa 32, ukubwa wa A5, jalada la kijani. Mtunzi ni maalim wa chuo aliyesomesha watoto wa mtaa wetu Kurani kwa zaidi ya miaka 40. Mfunguo Sita ulikuwa umeshaingia, wageni wa Maulidi wameanza kujaa mjini, na kijitabu kilitakiwa kigawiwe wiki ile ile.

Nilitoa nakala ya juu nikafungua ukurasa wa tatu. Jina la Mtume lilikuwa limechapwa kinyumenyume. Ukilisoma kutoka kulia, kama Kiarabu kisomwavyo, unakutana kwanza na dali, kisha mimu, kisha haa, kisha mimu, na kila herufi imesimama peke yake, haikushikana na mwenziwe. Nikafungua nakala ya pili, ya kumi, ya boksi jingine. Zote zilikuwa hivyo.

Kazi ya kupanga maandishi ya kitabu kile ilikuwa yangu. Faili lilitoka kwangu, na kiwanda cha chapa kilichokuwa Mombasa, ambacho sitakitaja, kilifanya kilichofanya kwa faili nililolituma mimi. Nimekipitia kisa hiki tena na tena, mstari kwa mstari, na naamini anayechapisha chochote cha Kiswahili, iwe kadi ya harusi au tangazo la tanzia, kitamfaa.

Ukurasa ulivyokusudiwa

Maalim huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wake walivyoandika. Vijana wake wengi hawawezi tena kuusoma mwandiko huo, kwa hiyo tulikubaliana kila ubeti uchapwe mara mbili: juu kwa herufi za Kiarabu, chini kwa herufi hizi tunazosomea shuleni. Ni mashairi ya mizani 16, nane ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (cha pili), na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Anayejua shairi anajua kwamba vina havisikiki tu, vinaonekana pia. Jicho linashuka kwenye ukurasa na kuviona vimejipanga kama boriti za dari, na msomaji wa kasida anayesoma mbele za watu hulitegemea jicho hilo asije akapoteza mahali.

A5 ina upana wa milimita 148. Niliacha milimita 17 kila upande, zikabaki 114. Nikaweka uchochoro wa milimita 6 katikati, kila kipande kikapata milimita 54. Mstari mmoja wa maalim nitautumia kama mfano, kwa sababu ndio ulioumia kuliko yote:

Rabi ng'oa yangu chuki, moyoni isibakie.

Kipande cha kwanza kina alama 23 ukihesabu nafasi na mkato. Kwa fonti niliyoipanga mimi, ya pointi 12, hakikufika milimita 45. Kilikaa ndani ya sehemu yake na nafasi ikabaki. Kurasa zote 32 zilikaa hivyo kwenye kompyuta yangu, nikazichapa kwenye printa yangu ndogo, nikampelekea maalim, akazipitisha. Mpaka hapo hapakuwa na kosa.

Faili lilipoondoka Lamu

Kiwanda kiliomba faili la maandishi, lile linaloweza kufunguliwa na kurekebishwa, badala ya PDF. Sababu waliyotoa ilikuwa ya kawaida: walitaka kuzipanga kurasa wenyewe ili zikunjwe vizuri. Nikatuma. Hapo ndipo palipoharibika.

Watu wengi hudhani faili la maandishi hubeba herufi. Halibebi. Linabeba namba za herufi, pamoja na jina la fonti, yaani ombi tu: niandikie haya kwa fonti fulani. Sura yenyewe ya herufi iko ndani ya fonti, na fonti imekaa kwenye kompyuta ya aliyeandika. Kompyuta ya pili isipokuwa nayo hutafuta ya kuziba pengo, na mara nyingi haikuulizi.

Fonti yangu haikuwepo Mombasa. Mahali pake ikaingia Courier, ile iliyobuniwa miaka ya 1950 na Howard Kettler kwa ajili ya mashine za taipu za IBM. Courier ina tabia moja inayoitenga na fonti za vitabu: kila herufi ina upana ule ule. Herufi *i*, ambayo ni kijiti tu, na *m*, yenye miguu mitatu, hupewa vyumba sawa. Kwa mashine ya taipu ilibidi iwe hivyo, kwa kuwa gari la mashine lilisogea hatua moja ile ile kila kidole kilipogonga. Kwa pointi 12 herufi kumi za Courier hujaza inchi moja kamili, yaani kila herufi inakula milimita 2.54. Sasa zidisha kipande cha alama 23: milimita 58 na zaidi, kwenye sehemu ya milimita 54.

Neno "chuki" likaanguka mstari wa pili. Na "chuki" ndilo lenye kina cha kati. Karibu kila ubeti ukawa umevunjika hivyo, vina vimetawanyika huku na huku, na kijitabu kikavimba mpaka beti za mwisho zikakosa ukurasa. Kijana wa kiwandani, akijaribu kusaidia, akapunguza nafasi kati ya mistari ili zote ziingie. Matokeo yake irabu za Kiarabu za mstari wa chini zikagusana na nukta za mstari wa juu, kasra ya huku, irabu ya chini ya herufi, ikawa kama fataha ya kule, irabu ya juu.

Simlaumu kijana yule kwa moyo mbaya. Alikuwa na maandishi asiyoyajua mbele yake na muda mfupi.

Alama iliyofutwa

Lipo kosa lililonikaa moyoni kuliko yote, na ni dogo kiasi kwamba wasomaji kadhaa niliowaonyesha hawakuliona mpaka nilipolitia kidole.

Katika kuandika "ng'oa", "unang'ara", "ng'ambo", sikutumia ile alama ya kufungia nukuu ambayo kibodi hutoa. Nilitumia alama nyingine, inayofanana nayo kwa macho, ambayo Unicode, utaratibu wa kimataifa wa namba za herufi, imeitenga iwe sehemu ya neno, si kituo. Faida yake ni kwamba kompyuta hailikati neno katikati wala haiigeuzi alama kuelekea upande usio wake. Hasara yake niliijua baadaye: fonti nyingi za zamani hazina mchoro wake. Fonti isipokuwa na mchoro wa alama fulani, huweka kijisanduku kitupu. Kijana akaona vijisanduku vimetapakaa ukurasa mzima, akadhani ni takataka zilizoingia njiani, akaamuru kompyuta ivifute vyote kwa mara moja.

Basi "Rabi ng'oa yangu chuki" ikawa "Rabi ngoa yangu chuki".

Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu, husuda, tamaa ya kile cha mwenzio. Mzee wa watu alikuwa anamwomba Mola amtolee chuki moyoni, na chapa ikamfanya amtajie Mola wivu wake. Mshororo haukuwa upuuzi, ndilo lililokuwa baya zaidi. Ungeweza kusomeka, ungeweza kukaririwa na watoto, ungeweza kudumu.

Maalim alipousoma alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, hili si neno langu." Hakuongeza.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana watu huuliza fonti nzuri ni ipi, wakitarajia jina. Mimi siku hizi naanza na swali jingine: je, ina kila alama ninayoihitaji? Kiswahili sanifu kinaonekana chepesi kwa fonti, hakina vialama juu ya herufi kama Kifaransa. Lakini ng' ipo, na mwandishi wa pwani anayetaka kutofautisha paa la nyumba na p'aa mnyama, au kaa la moto na k'aa wa mikokoni, anaihitaji alama hiyo zaidi. Kwa herufi za Kiarabu hali ni nzito zaidi. Kiarabu kina herufi 28, na miongoni mwake haimo *p*, wala *ch*, wala *v*, wala *g* kama ile ya "gari". Waswahili walizipata kwa kuongeza nukta kwenye zilizopo au kwa kuchukua kutoka kwa Waajemi, na maalim wetu huandika ng' kwa ghaini, herufi ya *gh*, yenye nukta tatu. Fonti ya Kiarabu iliyotengenezwa kwa Kiarabu peke yake itakusomea nusu ya shairi na nusu ikuwekee vijisanduku. Ndivyo ilivyokuwa: maneno kama "pepo" na "vina" yalibaki na mashimo.

Kwa nini herufi za Kiarabu zilitengana

Mwandishi wa misahafu wa Siyu, kisiwani Pate, alikuwa na kalamu ya mwanzi iliyochongwa mshazari. Alipoivuta upande alipata mstari mnene, alipoishusha alipata mwembamba, na aliunganisha herufi kwa jinsi mkono ulivyokwenda. Nafasi ikibaki aliirefusha, ikibana aliipandisha herufi mgongoni mwa mwenziwe. Hayo yote alikuwa nayo kichwani. Kompyuta haina hayo mpaka ifundishwe.

Herufi nyingi za Kiarabu zina sura nne: ya mwanzo wa neno, ya kati, ya mwisho, na ya kusimama peke yake. Namba ya herufi ni moja, sura ni nne. Ni nani anayechagua sura? Kazi hiyo inafanywa na wawili kwa pamoja: fonti inabeba sura zote na kanuni za kuziunganisha, na programu inazisoma kanuni hizo na kuzitii, kisha inapanga mstari kuanzia kulia. Mmoja wao akishindwa, kila herufi inabaki na sura ya kusimama peke yake, na ikiwa aliyeshindwa ni programu, herufi hupangwa pia kutoka kushoto kwa kufuata mpangilio wa kuchapwa kwake. Programu ya kupangia kurasa iliyokuwa kiwandani ilikuwa toleo la zamani lisilojua Kiarabu. Kwa macho ya mtu asiyesoma mwandiko huo, ukurasa ulionekana umejaa Kiarabu kizuri. Fonti ilikuwa safi, wino mweusi, karatasi nyeupe. Hakuna mtu kiwandani aliyeweza kujua kwamba jina tukufu limegeuzwa.

Jalada

Kosa la jalada lilikuwa langu mimi, wala halikutokana na kompyuta.

Nilitaka liwe na heshima. Nikachagua fonti ya mtindo wa Bodoni, uliopewa jina la Giambattista Bodoni, mchapaji wa Parma nchini Italia aliyefariki mwaka 1813. Sifa ya mtindo huo ni tofauti kubwa kati ya mistari minene na myembamba: mnene ni mnene hasa, mwembamba ni kama unywele. Kwenye kioo cha kompyuta neno NURU lilipendeza. Nikaliweka jeupe ndani ya kijani iliyokoza.

Herufi nyeupe kwenye jalada haichapwi. Ni karatasi iliyoachwa bila wino. Kijani ya chapa ya rangi nne hupatikana kwa kulaza samawati na manjano, kila rangi na bamba lake. Bamba moja likisogea hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, rangi inaingia ndani ya nafasi iliyoachwa nyeupe. Tena wino wenyewe, ukigusa karatasi inayonywa, hutanuka kidogo. Mstari mnene hauhisi hayo. Mstari wa unywele unazibwa.

Angalia N ya Bodoni: miguu yake miwili iliyosimama ndiyo myembamba, ule mshazari wa katikati ndio mnene. U ina mguu mnene kushoto na mwembamba kulia. Miguu myembamba ilipozibwa, N ikabaki mkwaju mmoja ulioinama, na kila U ikabaki nguzo. Mtu aliyeshika kijitabu kwa mkono aliweza kukisia. Aliyekiona umbali wa hatua tatu hakusoma kitu.

Na kuna la kusikitisha zaidi: prufu ya jalada, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, nilitumiwa. Ilikuja kama picha kwenye simu, nikaitazama nimesimama Mkunguni, juani, nikajibu "sawa". Picha ya simu hukuonyesha rangi na mpangilio. Haiwezi kukuonyesha unene wa mstari kwenye karatasi. Prufu za kurasa za ndani sikuziomba kabisa, kwa kuwa siku zilikuwa zimebaki chache.

Kuchagua upya, chini ya taa ya chuo

Maulidi yalipita bila kijitabu. Tulikubaliana na kiwanda kugawana gharama ya chapa ya pili, na safari hii tuliamua hatutakimbizwa na kalenda.

Nilichapa ubeti mmoja kwa fonti nne tofauti, zote pointi 12, kwenye karatasi ile ile ya kitabu, nikampelekea maalim baada ya isha. Nilitaka azisome pale pale anaposomea, chini ya taa yake, na miwani yake.

Alichoshangaa kwanza ni kwamba hazikulingana ukubwa. "Hukunambia zote ni kumi na mbili?" Nikamweleza. Pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, na pointi 12 ni milimita 4.23. Lakini kipimo hicho si cha herufi. Zamani herufi ilisubiwa kwa risasi juu ya kijiti, na pointi zilipima kijiti, si uso wa herufi uliokaa juu yake. Mchongaji mmoja aliweza kuujaza uso wote, mwingine akaacha nafasi. Risasi zimekwisha lakini hesabu imebaki. Kwa hiyo *a*, *e*, *n*, herufi zisizo na mikia wala vichwa, zina kimo cha milimita 1.9 hivi kwenye Times New Roman na 2.3 kwenye Verdana, ingawa zote ni pointi 12. Kwa msomaji mwenye umri, kimo hicho ndicho kinachoamua, si namba iliyoandikwa kwenye kompyuta.

Tukaanza na Arial. Haina vile vijiguu vinavyomalizia mistari ya herufi, vinavyoitwa serifu. Maalim akasoma vizuri mpaka alipofika kwenye "Ilahi". Kwenye Arial, I kubwa na l ndogo zote ni kijiti kilichonyooka, karibu huwezi kuzitofautisha. Neno linaanza kwa vijiti viwili. Kwa Mwingereza ni tatizo la mara moja moja. Kwa kitabu cha dua za Kiswahili, ambamo Ilahi na Illa zinarudi kila ukurasa, ni tatizo la kila mara. Tukaiacha.

Verdana, iliyochorwa na Matthew Carter na kutoka mwaka 1996, ilibuniwa kwa kioo cha kompyuta. Ina kimo kikubwa na nafasi pana kati ya herufi, kwa sababu vioo vya wakati ule vilikuwa na nukta chache. Nilidhani ukubwa wake utampendeza. Akasoma beti moja akaiweka chini. "Hizi kubwa, lakini zimekaa kama watu wasiojuana." Sijasikia mtu akieleza kosa la nafasi kati ya herufi kwa ufasaha zaidi. Jicho halisomi herufi moja moja kwa zamu. Linazitambua herufi kadhaa za neno kwa pamoja, na zikitengana sana neno halishikani.

Times New Roman aliisoma bila shida. Ilitengenezwa kwa gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia mwaka 1932, na kazi yake ilikuwa kuingiza maneno mengi kwenye safu nyembamba huku yakisomeka. Kwa Kiswahili, chenye maneno marefu kama "watakapokumbushana", wembamba huo una manufaa. Lakini shairi halina haja ya kubanwa. Nafasi ilikuwepo.

Ya nne ilikuwa Gentium ya Victor Gaultney, inayotolewa na SIL, shirika linaloshughulikia lugha. Ina serifu, kimo cha kutosha, mistari yake myembamba si myembamba mno, na ndani yake mna alama za lugha nyingi sana zinazotumia herufi za Kilatini, pamoja na ile alama yangu ya ng'. Maalim aliisoma ubeti mzima kwa sauti, kwa mahadhi, bila kusita. Alipomaliza akasema, "Hii mato (macho) yangu yaitaka." Tukamaliza hapo.

Kwa herufi za Kiarabu tulichukua Scheherazade, pia ya SIL, ya mwandiko wa naskhi, ule uliozoeleka vitabuni, iliyotengenezwa ikizijali lugha zisizo za Kiarabu zinazotumia mwandiko huo. Ghaini ya nukta tatu ilitokea, pe ikatokea, che ikatokea. Tuliitazama pia Amiri ya Khaled Hosny, iliyofuata herufi za kiwanda cha Bulaq cha Kairo, na kwa uzuri mimi nilivutwa nayo zaidi. Maalim alipendelea ile ya kwanza kwa sababu irabu zake aliziona kwa wepesi zaidi. Tuliiweka pointi 20 dhidi ya 12 za Kilatini, kwani naskhi yenye irabu ukiipa namba moja na Kilatini huonekana ndogo, na nafasi ya mistari tukaipanua mpaka kasra na fataha zikaacha kugombana. Fonti hizi zote tatu zimetolewa kwa leseni huru: unaruhusiwa kuzitumia, kuzigawa na kuzipachika ndani ya faili bila kulipa. Hilo si jambo dogo kwa kazi ya kisiwani isiyo na mfadhili.

Jalada nililifuta nikaanza upya. Neno NURU likaandikwa kwa Gentium nzito, mistari yote minene vya kutosha, jeupe kwenye kijani ile ile.

Kutuma mara ya pili

Safari hii nilituma PDF, na kabla ya kutuma nilifungua sifa za faili nikaisoma orodha ya fonti, moja moja, kuhakikisha kila moja imepachikwa ndani. Fonti iliyopachikwa inasafiri na kitabu. Kompyuta ya Mombasa haihitaji kuwa nayo wala kubuni mbadala. Nilimpigia simu kijana yule yule. Alinieleza bila kuficha alivyovifuta vijisanduku, na tukakubaliana kurasa zisifunguliwe wala kuguswa, zipangwe kama picha zilizokamilika. Prufu ilikuja kwa basi, kwenye karatasi. Maalim na mjukuu wake waliipitia kwa siku mbili, yeye akisoma Kiarabu cha juu, mjukuu akifuata Kilatini cha chini kwa kidole. Walikuta makosa sita, yote yangu ya kuandika. Hakuna hata moja la fonti.

Nakala mpya ziliposhuka nilimpelekea ya kwanza mwenyewe. Hakuangalia jalada. Alifungua moja kwa moja ule ukurasa, akaweka ukucha chini ya ile alama ndogo baina ya *g* na *o*, kisha akaendelea kusoma mpaka mwisho wa ubeti.

Zilibaki zile 500 za kwanza. Karatasi mbovu hapa mjini hazikosi kazi, hufungiwa njugu, hufungiwa kashata. Hizi zisingeweza, kwa kuwa jina la Mtume na la Mola wake lilikuwa ndani, hata kama limegeuzwa. Tulizifunga kwa magunia, tukazipakia kwa punda, na vijana wa chuo wakachimba shimo refu nyuma ya mji, mahali pasipopitwa na miguu. Maalim alihesabu mafungu yalipokuwa yakishuka. Moja alilizuia, akatoa nakala moja, akanipa mimi nikae nayo. Iko juu ya meza yangu, kando ya kompyuta, imefunguliwa ukurasa wa tatu.